Mgahawa wa mgebuka mjini Kigoma: sahani imefaulu, glasi bado

Katika mji wa Kigoma, ambako mteja wa chakula cha mchana huulizwa kwanza kama anataka mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, au dagaa na mengine huja baadaye, si kawaida kukuta mgahawa ulioandika ukutani kwa rangi ya kijani: "Chakula salama kwa wenye kisukari na presha." Mgahawa ninaouzungumzia upo kati ya Mwanga na stesheni ya reli, upande wenye kivuli cha miembe, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikila hapo chakula cha mchana na mara chache cha asubuhi. Mwenye mgahawa ameniomba nisitaje jina, kwa kuwa hataki kuonekana anauza tiba, na nimelikubali ombi hilo kwa sababu lina uangalifu ambao maandishi yake ya ukutani hayana. Ninachotaka kupima hapa ni kama ahadi ile ya kijani inatimizwa. Upande wa sahani inatimizwa kwa kiasi kikubwa, kuliko nilivyotarajia. Upande wa glasi haitimizwi, na kwa mtu mwenye kisukari glasi moja inaweza kufuta kazi yote iliyofanywa na sahani.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya 11 alikuwa na kisukari na mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Maradhi haya mawili hutembea pamoja: sukari inayokaa juu kwa muda mrefu huharibu kuta za mishipa ya damu, na mtu mwenye kisukari hukabiliwa na hatari ya ugonjwa wa moyo inayokaribia mara mbili ya ile ya asiyekuwa nacho. Kwa hiyo mgahawa unaojitangaza kuwa salama kwa makundi yote mawili umejipa mtihani mgumu, na ni haki kuusahihisha kwa makini.

Nianze na samaki, kwa kuwa hapo ndipo mpishi anapostahili sifa bila masharti. Mgebuka wa kuchemsha huletwa katika bakuli pana pamoja na mchuzi mwepesi wa nyanya, kitunguu, ndimu na pilipili, bila kukaangwa kwanza, jambo ambalo wapishi wengi wa mjini hulikataa kwa kuamini kuwa samaki asiyepita kwenye mafuta ni chakula cha aliyelazwa. Hapa minofu hubaki imeshikana, haimeguki ovyo ndani ya mchuzi, na ndimu imetiwa kwa kipimo kinachoondoa shombo bila kuiua ladha ya samaki mwenyewe. Dagaa wa rosti, wanaopikwa na nyanya chungu, ni wazuri karibu sawa na hao, isipokuwa siku ambazo hawakuchambuliwa vizuri na mchanga mdogo ukasikika kwenye meno.

Kwa afya ya moyo, chaguo hili lina msingi. Dagaa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, hivyo mlaji hupata kalsiamu pamoja na protini, na mafuta ya samaki kwa jumla yana asidi za omega-3, ambazo hupunguza trigliseridi, yaani aina ya mafuta inayozunguka katika damu na kuongezeka kwa watu wengi wenye kisukari. Chama cha Moyo cha Marekani hushauri samaki mara mbili kwa wiki, ushauri ambao mkazi wa Kibirizi au Katonga huutimiza kabla Jumatano haijafika. Lakini ushauri huohuo unamhusu samaki asiyekaangwa kwa kuzamishwa katika mafuta, na mgahawa huu unao pia mgebuka wa kukaanga, mwekundu, mkavu, unaosikika ukivunjwa kutoka meza ya tatu. Ndiye anayeagizwa zaidi. Mafuta ya karai lake hubadilishwa, kwa maelezo ya mpishi, "yakianza kuwa meusi," kipimo ambacho kwangu kimechelewa, kwa sababu mafuta yaliyochemshwa tena na tena huwa yameanza kuharibika kabla jicho halijaona weusi.

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mgahawa uliweka maharage na kunde mahali pa samaki, na mhudumu anakumbuka kuwa malalamiko yalikuwa mengi. Walalamikaji hawakujua walichopewa. Maharage yana nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu na kusaidia kushusha lehemu (kolesteroli) mbaya, yana protini ya kutosha kushibisha, na karibu hayana mafuta yanayoganda. Ningefurahi kama yangebaki kwenye orodha hata sasa ziwa likiwa wazi, lakini siku hizi hupikwa Jumatatu na Alhamisi tu.

Kitu kinachoutofautisha mgahawa huu na mingine yote ninayoijua mjini ni ugali nusu. Mahali pengine mteja akiomba ugali kidogo hupewa kidogo na kutozwa bei ileile, hivyo mwenye akili ya fedha huchukua wote na kuumaliza. Hapa sahani ya mgebuka wa kuchemsha pamoja na ugali mzima ni shilingi 4,000, na yenye ugali nusu ni 3,500, huku mboga za majani zikiongezwa bila malipo. Punguzo la shilingi mia tano ni dogo, lakini limefanya kazi ambayo mabango mengi ya afya hayajaifanya, kwa maana wateja wengi ninaowaona, wakiwamo madereva wa bajaji wasio na habari na kisukari, huagiza nusu.

Umuhimu wa nusu hiyo unaeleweka vizuri mtu akijua kinachotokea baada ya kumeza. Wanga wote, uwe wa muhogo, wa mahindi au wa mchele, huvunjwa tumboni na kuwa glukosi, yaani sukari inayoingia katika damu, na kongosho hulazimika kutoa insulini ili glukosi hiyo iingie katika seli. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, seli zimekuwa nzito kuisikia insulini, kongosho hufanya kazi ya ziada, na mwisho huchoka. Ugali wa muhogo, ambao ndio ugali wa kwetu, una protini kidogo mno, na unga wake ukishasagwa na kuchekechwa nyuzinyuzi nazo hupungua. Sisemi uachwe, kwa kuwa mtu hawezi kuambiwa aache chakula alicholelewa nacho na akatii kwa zaidi ya wiki mbili. Ninasema kiasi chake ndicho chenye uamuzi, na mwongozo unaotumiwa katika kliniki nyingi ni rahisi kuukumbuka: nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo iwe samaki au maharage, robo iliyobaki iwe ugali au wali. Sahani ya nusu ya mgahawa huu inakaribia sana mgawanyo huo.

Dona hupatikana kwa oda. Ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini havikuondolewa, ila husongwa mzito kupita kiasi, na kuna siku ulikuwa na mabonge ya unga mkavu katikati. Wali ni mweupe, wa kawaida, unaonukia vizuri na unaotolewa kwa wingi wa kutisha, na hapa hakuna nusu, jambo ambalo sikulielewa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uliona kuwa kila kipimo cha ziada cha wali mweupe cha mlaji mmoja kwa siku uliambatana na ongezeko la asilimia 11 la hatari ya kisukari cha aina ya pili. Sahani ya wali ya hapa ni vipimo viwili kama hivyo, pengine na ziada.

Kuna wema mmoja ambao mgahawa unautenda bila kukusudia. Kwa kuwa ugali husongwa baada ya mteja kuagiza, mboga na samaki hutangulia mezani, na mwenye njaa huanza kuvila. Jaribio dogo la mwaka 2015 lililofanywa New York kwa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili lilionyesha kuwa walipokula mboga na protini kwanza na wanga mwisho, sukari yao katika saa ya kwanza ilikuwa chini kwa zaidi ya robo, ikilinganishwa na siku walipokula vyakula vilevile kwa mpangilio wa kinyume. Watu 11 ni wachache na sitalijengea jaribio hilo nyumba nzima, lakini desturi yenyewe haina gharama wala madhara. Wanaolalamikia ucheleweshaji wa ugali, nami nilikuwa mmoja wao, wangefanya vizuri kuula mchicha huku wakisubiri.

Mboga zenyewe ni matembele, mchicha, bamia, mlenda na kisamvu, na hapa sina budi kuzungumzia mawese. Kisamvu cha hapa hutwangwa laini, hupikwa kwa muda mrefu, kisha hutiwa mawese mpaka juu yake panatokea duara jekundu la mafuta. Ni kitamu kuliko kisamvu chochote nilichokula nje ya mkoa huu, na ni wazi kwangu kwamba mpishi anajivunia duara lile. Mawese mekundu yasiyosafishwa kiwandani yana karotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hilo ni jambo la maana kwa watoto. Lakini takriban nusu ya mafuta hayo ni ya ile aina inayoganda, ambayo huongeza lehemu mbaya katika damu yakilinganishwa na mafuta ya majimaji kama ya alizeti. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese hubeba karibu gramu 7 za mafuta hayo yanayoganda. Shirika la Afya Duniani hushauri yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni kama gramu 22. Vijiko vitatu vimeshamaliza posho ya siku nzima, kabla ya nyama, maziwa au chapati.

Najua kuwa kuyasema haya mjini Kigoma ni kujitafutia maneno. Michikichi ni uchumi wetu. Tangu mwaka 2018 serikali imeisukuma upya, miche bora ya Tenera huzalishwa katika kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, na familia nyingi husomesha watoto kwa mapato ya mise, yaani kokwa za michikichi. Sina nia ya kumshauri mtu ayakimbie mawese. Nilimwomba mpishi anipikie kisamvu kwa mafuta kidogo na karanga za kutwanga badala ya duara lile. Alinitazama kama mtu aliyeomba chai isiyo na majani, lakini alikipika, na kilikuwa kizuri. Tangu hapo kipo kwenye orodha, kimeandikwa kwa chaki "kisamvu cha karanga," na kwa mwenye tatizo la lehemu ndicho cha kuagiza.

Chumvi ni eneo jingine ambalo ukuta umesema zaidi ya jiko. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kikijumuisha iliyomo ndani ya vyakula vyote. Chumvi ya Uvinza iwe imechimbwa karibu na kwetu namna gani, kwa moyo ni chumvi ileile. Mgebuka wa kuchemsha hutiwa chumvi kidogo, na mteja huachiwa aongeze mwenyewe kutoka kwenye kichupa kilichopo mezani. Rosti ya dagaa, hata hivyo, hukolezwa kwa vidonge vya mchuzi vya dukani, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, kisha mpishi huongeza chumvi ya kawaida juu yake kana kwamba vidonge vile ni pilipili manga. Samaki wa chumvi wakavu, wanaopikwa Ijumaa, hawafai kabisa kuwa katika mgahawa wenye neno "presha" ukutani, hata wakilowekwa usiku kucha.

Chakula cha asubuhi sitakizungumzia sana. Ni chapati, maandazi, mihogo ya kukaanga na supu ya samaki. Supu inywewe, ikiwa na ndizi mbili za kuchemsha, na vilivyobaki viachwe.

Sasa vinywaji. Friji ipo mlangoni, kubwa, yenye taa, imejaa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, na mtu huiona kabla hajaona jiko. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kati ya gramu 35 na 40, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya juisi na asali isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo ni takriban gramu 25 kwa siku. Soda moja, basi, huvuka kiwango hicho cha asilimia 5 kwa hatua ndefu, na huvuka bila kushibisha, kwa kuwa mwili hauhesabu nguvu inayonywewa kama unavyohesabu inayotafunwa. Mtu hunywa soda kisha hula ugali uleule ambao angekula bila soda. Sukari hiyo hufika katika damu haraka kwa sababu haina nyuzinyuzi za kuichelewesha, na sehemu yake iitwayo fruktosi hupelekwa kwenye ini, ambako ikizidi hugeuzwa mafuta.

Matokeo yake yamepimwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 uliona kuwa watu waliokunywa vinywaji vya sukari mara moja au mbili kwa siku walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyozidi kwa asilimia 26 ile ya watu waliovinywa mara chache sana au kutokunywa kabisa. Januari 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani walikadiria kwamba, kwa mwaka 2020 pekee, vinywaji hivyo vilichangia wagonjwa wapya wa kisukari milioni 2.2 na wagonjwa wapya wa moyo na mishipa milioni 1.2 duniani, na kwa Afrika kusini mwa Sahara, zaidi ya mgonjwa mpya mmoja kati ya watano wa kisukari alihusishwa navyo. Kwa takwimu hizo, friji ya mlangoni ndiyo sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote katika jengo zima, karai la kukaangia likiwamo.

Soda, hata hivyo, haidanganyi mtu, maana kila mmoja anajua ni tamu kwa sababu ya sukari. Ninachokilaumu zaidi ni juisi. Juisi ya kawaida ya hapa, ya embe, pasheni au nanasi, hukorogwa katika ndoo ya lita tano na nusu kilo ya sukari, kwa hiyo glasi ya mililita 300 huwa na gramu 30 za sukari ya dukani kabla hatujahesabu ya tunda. Pembeni yake kuna jagi lenye karatasi iliyobandikwa: "Juisi asilia, haina sukari, kwa wagonjwa." Ni kweli kwamba haitiwi sukari. Lakini nyama ya embe bivu ina takriban gramu 13 hadi 14 za sukari katika kila gramu 100, na glasi moja nzito ya jagi lile hutumia nyama ya kiasi cha gramu 200, kisha huchujwa ili isiwe na nyuzi. Hivyo mgonjwa hupewa gramu 27 hivi za sukari, zimeondolewa kile ambacho kingezichelewesha, na zimewekewa karatasi ya kumtuliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongeza, na hauhesabu ile iliyomo ndani ya tunda zima. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliofuatilia maelfu ya watumishi wa afya wa Marekani uliona vivyo hivyo: matunda mazima, hasa baadhi yake, yaliambatana na hatari ndogo ya kisukari, na juisi iliambatana na hatari kubwa zaidi. Embe lenyewe, nusu yake, likikatwa na kuletwa kwenye kisahani baada ya samaki, lingekuwa jambo jema. Mgahawa upo chini ya miembe na haujawahi kuuza kipande cha embe.

Siku moja nilikaa meza moja na mzee aliyestaafu kazi ya reli, ambaye alikuwa amemaliza glasi ya pili ya jagi hilo.

"Shikamoo mzee. Naona juisi ya hapa unaipenda."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sukari niliiacha tangu nipimwe. Chai nanywa kavu. Hii si sukari, hii ni tunda."

Sikuwa na haki ya kumfundisha mtu mzima mbele ya watu, nikamwambia tu kwamba nami nimeambiwa tunda zima huwa na nafuu kuliko juisi yake. Akacheka na kusema meno ndiyo yaliyostaafu kabla yake. Ni jibu ambalo wataalamu wa lishe wangelizingatia, kwa sababu mzee asiye na meno anaweza kula papai au embe bivu laini bila kulichuja, lakini hapana mtu aliyemwambia hivyo, na karatasi iliyo kwenye jagi imemwambia kinyume.

Nililipeleka suala hili kwa mwenye mgahawa. Hakubisha kuhusu sukari. Alieleza kuhusu hesabu. Samaki hupanda bei kila ziwa linapochafuka, mkaa hupanda, na sahani ya shilingi 3,500 humwachia faida ndogo mno. Glasi ya juisi ya shilingi 1,000 na soda ndizo zinazolipa pango. Naye, kama wenye migahawa wengi, hupewa friji na kampuni ya vinywaji kwa sharti la kuijaza vinywaji vyao. Kwa maneno mengine, punguzo la ugali nusu linalolinda kongosho la mteja hulipiwa na kinywaji kinacholichosha. Nilimuelewa, na bado nadhani karatasi ya jagi inapaswa kutoka leo, kwa kuwa kuiondoa hakugharimu kitu.

Zipo njia za kunywa vizuri hapa, ila lazima mteja azijue. Chai huja katika chupa mbili, moja ikiwa na sukari tayari na nyingine bila sukari. Hiyo ya pili hukaa jikoni na haitajwi mpaka iulizwe. Chai ya rangi yenye tangawizi bila sukari ni nzuri, na vikombe vitatu vya ile yenye sukari, vijiko viwili kila kimoja, hukaribia au kuzidi gramu 25. Kahawa ni ya Kalinzi, inayochemshwa kwenye birika, chungu na safi. Kwa jumla wanywaji wa kahawa huonekana kuwa na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya pili, ingawa kahawa isiyochujwa kwa karatasi inaweza kuongeza lehemu kidogo kwa mnywaji wa vikombe vingi. Soda zisizo na sukari zipo chache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo sukari visitegemewe kudhibiti uzito, ushauri ambao haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Kwao chupa hiyo ni afadhali kuliko ile ya kawaida, na maji ni afadhali kuliko zote mbili. Maji yaliyochemshwa na kupozwa hutolewa bure, lakini kwenye jagi moja kwa meza zote.

Mtu mmoja anayeihitaji friji ile ni mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, ambaye amechelewa kula na kuanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuchanganyikiwa. Huyo apewe haraka kinywaji chenye sukari, kama gramu 15 hivi, yaani chini kidogo ya nusu ya chupa ya soda, kisha apewe chakula. Niliwauliza wahudumu kama wanalijua hilo. Mmoja tu alilijua, kwa sababu mama yake ni mgonjwa. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia dawa hizo asikimbilie ugali nusu bila kuzungumza na kliniki yake, kwani dozi huenda ilipangwa kwa ugali mzima. Na mwenye figo dhaifu aulize kwanza kuhusu maharage, ndizi na mboga za majani kwa wingi, kwa sababu ya potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini.

Kuhusu huduma, wahudumu ni wapole na wepesi wa kusikiliza maombi ya ajabu, lakini kati ya saa saba na saa nane mchana, hasa siku treni ikiwa imeingia, samaki wa kuchemsha huweza kuchukua nusu saa na zaidi. Meza ni safi, maji ya kunawa ni ya uvuguvugu na sabuni ipo. Hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumapili huanza baada ya ibada. Malipo hupokelewa kwa fedha taslimu na kwa simu, na anayetaka dona au kisamvu cha karanga apige simu kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu vyote viwili hupikwa kwa idadi ya waliooda.